Shilingi Mbili na Dola Katikati

Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania, chini ya gavana wake wa kwanza Edwin Mtei, ilitoa noti zake. Septemba mwaka huohuo Kenya nayo ikatoa za kwake. Zote zilirithi shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo zilianza safari zikiwa sawa, moja kwa moja, na dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikinunuliwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania.

Pengo hilo lilipatikanaje? Majedwali ya takwimu hayatoi jibu moja kwa moja, kwani kwa sehemu kubwa ya historia yao sarafu hizi hazikupangiana bei zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa na bei yake mbele ya dola, na uwiano wao hupatikana kwa kugawanya. Mwaka 1993, kwa mfano, wastani wa dola ulikuwa takriban shilingi 405 za Tanzania na 58 za Kenya. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 7. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kazi ngumu ni kujua kila namba inayoingizwa ilikuwa bei ya nani.

Miaka kumi ya mwanzo haina shida. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, nchi zote mbili zilikataa kuifuata. Oktoba 1975 zilipoacha kufungamana na dola na kujifunga kwenye kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, zilifanya hivyo pamoja na kwa kiwango kilekile. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, mpaka kati ya nchi hizo ukafungwa hadi 1983, na kila benki kuu ikashika njia yake.

Hapo ndipo majedwali yanapoanza kupotosha. Mwaka 1983 wastani rasmi wa dola ulikuwa kama shilingi 13.30 Kenya na 11.10 Tanzania. Ukigawanya unapata 0.83, yaani shilingi ya Tanzania ilikuwa na nguvu kuliko ya Kenya! Huo ni mwaka ambao maduka ya Tanzania hayakuwa na sabuni wala sukari ya kutosha, na serikali iliendesha msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi. Kwa magendo dola iliuzwa mara kadhaa ya bei rasmi, na aliyepenya mpaka wa Namanga kutafuta bidhaa hakumpata mtu wa kumpa hata shilingi moja ya Kenya kwa moja ya kwake. Ile 11.10 ilikuwa bei ya kweli kwa aliyepata kibali cha Benki Kuu tu. Ni bei ya mgao, na mchambuzi anayeichora kwenye grafu kama bei ya soko anafuta shida ya mamilioni ya watu.

Kushusha thamani ya shilingi ya Tanzania lilikuwa jambo zito la kisiasa. Mtei mwenyewe, akiwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Hatua kubwa ilikuja Juni 1986, wakati wa Rais Mwinyi, dola iliporushwa kutoka takriban shilingi 17 hadi 40, kisha ikaendelea kupanda hadi ikapita 50 mwaka ulipokwisha.

Jedwali la mwaka huo linaandika wastani wa karibu 32.70. Kabla ya Juni dola haikuwahi kufika huko kwenye dirisha la benki, na baada ya hapo haikuwahi kurudi. Aliyelipia mzigo kutoka Mombasa Februari na aliyelipia Oktoba waliishi katika chumi mbili tofauti, lakini wastani unawaweka kapu moja. Kwa miaka ya namna hii inafaa kutumia bei ya mwisho wa mwezi, na tarehe ya kila tangazo iandikwe pembeni.

Mwaka 1992 maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa Tanzania, na mwaka 1993 nchi zote mbili zililiachia soko kazi ya kupanga bei. Tangu hapo namba rasmi zinaaminika zaidi, ila msomaji aangalie zimeandikwa upande upi. Benki Kuu ya Kenya huonyesha shilingi ngapi za Kenya hununua dola moja, lakini kwa jirani hugeuza na kuonyesha shilingi ngapi za Tanzania hununuliwa kwa shilingi moja ya Kenya.

Dola iliyo katikati bado ina nguvu. Januari 2024 ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, huku soko likihofia deni la Kenya la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni. Februari Kenya ikapata mkopo mpya wa kulipia sehemu kubwa ya deni hilo, na kufikia katikati ya Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 135. Bei ya dola Dar es Salaam haikusogea sana, ilibaki kwenye 2,500 na kidogo. Mkulima wa vitunguu wa Tanzania anayeuza mzigo Nairobi kwa shilingi 100,000 za Kenya angebadilisha na kupata takriban milioni 1.57 Januari, na karibu milioni 1.9 Machi, kwa vitunguu vilevile.