Kothbiro na hesabu ya kutoa

Ukishuka matatu Otonglo, kwenye barabara ya Kisumu–Busia, spika za vibanda hushindana: benga huku, ohangla kule, kila mwenye duka akiongeza sauti amzime jirani. Si mbali na hapo, Nyahera, ndiko mwanamuziki Ayub Ogada alikofia tarehe 1 Februari 2019. Huyu alipata jina kwa kufanya kinyume cha kelele hizo.

Kwanza mtazame jathum, mpiga nyatiti, wa kawaida kazini. Ameketi kwenye kigoda, nyatiti, kinubi cha Wajaluo, imelazwa ubavu mbele yake, nyuzi nane, kila mkono na zake. Kidole gumba cha mguu kimevaa oduong'o, pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo. Mguuni kuna njuga. Mtu mmoja, bendi nzima. Na sauti yake lazima ishinde kelele za matanga, na za wanaotoa pesa ili wajisifu kwa pakruok, yaani majigambo. Nyuzi zenyewe, zamani kano za ng'ombe, siku hizi ni mshipi wa nailoni, ule ule wa wavuvi wa Dunga, ufukweni Kisumu.

Ogada alibakiza mzunguko wa nyuzi, ile tuni fupi inayojirudia bila kuchoka. Vingine alivipunguza: mwendo, mlio wa chuma, ukali wa koo. Jathum wa matanga humwimbia aliyekaa nyuma kabisa. Ogada aliimbia maikrofoni, karibu na mnong'ono, na nafasi kati ya mstari na mstari akaiachia nyatiti. Sikio lisilojua Kijaluo likapata pa kuingilia. Wapo wanaosema aliilainisha mila kwa ajili ya wazungu. Sikubaliani nao: mzunguko ule ndio uti wa mgongo wa thum, muziki wa nyatiti, naye hakuugusa.

Wala hakuanzia hapo. Alipokuwa bado akiitwa Job Seda, alikuwa katika Black Savage, bendi ya roki ya Nairobi iliyorekodi wimbo wa Kothbiro mwaka 1976, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Katikati ya miaka ya 80 akaenda Uingereza, akapiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, hadi tamasha la WOMAD likampa jukwaa mwaka 1988. Albamu ya En Mana Kuoyo, yaani "ni mchanga tu", ilitoka 1993 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na humo Kothbiro ikarudi ikiwa imevuliwa nguo za bendi.

Rekodi hizo mbili zimepita njia tofauti. Ile ya 1993 iliingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Ile ya 1976 ndiyo Kanye West aliyoikata kwa wimbo wake Yikes mwaka 2018.

Zisikilize zote mbili, ya 1976 kwanza, ukihesabu vyombo kwa vidole. Kwa ya pili mkono mmoja utakutosha.