William Kentridge na Mkaa Usiofutika

Katika studio ya William Kentridge jijini Johannesburg, karatasi kubwa imebanwa ukutani na kamera ya filamu imesimama hatua kadhaa mbele yake. Msanii anachora kwa mkaa: mtu mnene aliyevaa suti, nguzo ya umeme, dimbwi la maji katikati ya nyika. Anaiendea kamera, anapiga fremu moja au mbili. Anarudi ukutani, anaufuta mkono wa yule mtu, anauchora upya ukiwa umesogea upana wa ukucha, kisha anaiendea tena kamera. Filamu ya dakika nane huweza kula miezi mingi ya kwenda na kurudi namna hii.

Filamu ya katuni ya kawaida huhitaji maelfu ya michoro. Kentridge hutumia michoro michache, makumi tu, na kila mmoja huubadilisha tena na tena mpaka karatasi ichoke. Kazi ikimalizika, kinachobaki mkononi ni hali ya mwisho ya kila tukio. Yaliyotangulia yamo ndani ya filamu, na yamo pia kwenye karatasi yenyewe, maana mkaa haukubali kufutika wote. Pale ndege alipopita pamebaki mkia wa ukungu wa kijivu. Pale mtu aliposimama pana doa lenye umbo lake. Mwanzoni Kentridge aliliona doa hilo kuwa kasoro, akahangaika kulisafisha. Baadaye akatambua kwamba filamu zake zinaishi humo. Mtazamaji anaona kitendo na wakati huohuo anaona kilichokuwapo kabla yake, kama ubao wa darasa ambao somo la jana bado linasomeka chini ya somo la leo.

Mimi ninachokistahi zaidi ni kule kutembea. Hana mswada wa filamu alioukamilisha kabla ya kuanza. Anashika picha moja au mbili anazozijua, na mengine anayaacha yaje. Katika zile hatua za kati ya ukuta na kamera, akili inapata nafasi ya kutazama kile mkono ulichofanya na kuuliza kifuate nini. Kazi ambayo mtu mwenye haraka angeiona ni kupoteza muda, kwake ndiyo kufikiri kwenyewe.

Filamu ya mwaka 1991 iitwayo Mine inaonesha matunda ya mwendo huo. Soho Eckstein, tajiri mwenye migodi, yuko kitandani anakunywa kahawa ya asubuhi, na Kentridge hakujua amfikishe vipi mgodini. Pale studio palikuwa na birika la kahawa la kioo, lile lenye chujio la kusukumwa chini kwa kiganja. Akalichora. Soho anasukuma chujio, nalo linashuka, linapenya sinia, linapenya kitanda, linazama kwenye mwamba, linapita katika mabweni ambamo wachimbaji wamelala wamebanana na mabafu wanamokogea, linazidi kwenda chini. Ndani ya sekunde chache, starehe ya mtu mmoja na jasho la maelfu vimeunganishwa na shimo moja. Sijapata kusoma makala ya uchumi wa Afrika Kusini iliyosema jambo hilo waziwazi kiasi hicho. Na birika lingebaki birika tu, kama mkono usingekuwa umekwisha kuzoea kushuka na kupanda juu ya karatasi hiyo siku baada ya siku.

Kentridge alizaliwa Johannesburg mwaka 1955 na hakuhama. Ni jiji lililochipuka juu ya dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886, na vingi vya vilima vyake havikuumbwa na Mungu: ni marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Tangu miaka ya 1970 marudio hayo yamekuwa yakichenjuliwa upya kutafuta dhahabu iliyosalia, basi kilima alichokizoea mtoto, akiwa mtu mzima hakikuti. Aliyekulia mahali kama hapo hahitaji kufundishwa kwamba sura ya nchi inaweza kufutwa.

Nyumbani nako kulikuwa na mafunzo yake. Baba yake, Sydney Kentridge, ndiye wakili aliyeiwakilisha familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi, katika uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977. Msanii amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia katika chumba cha kazi cha baba yake akiwa na umri wa miaka sita hivi, akaona boksi la manjano, akadhani ni chokoleti. Ndani mlikuwa na picha za watu waliouawa Sharpeville, ambako polisi waliwapiga risasi waandamanaji tarehe 21 Machi 1960 na kuua watu 69. Filamu yake Felix in Exile aliikamilisha mwaka 1994, uchaguzi wa kwanza wa watu wote ukiwa umekaribia. Humo kuna maiti zilizolala nyikani, magazeti yakipeperuka na kuzifunika, kisha ardhi ikizimeza mpaka nyika ionekane kama haikupata kuona damu. Nchi ilikuwa inajiandaa kushangilia, naye akiuliza waliokufa watakumbukwa vipi.

Mkaa wenyewe alikuwa ameuona mkononi mwa mkubwa wake. Dumile Feni, mchoraji aliyeihama Afrika Kusini mwaka 1968 na kufia ugenini New York mwaka 1991, alichora kwa mkaa miili iliyojikunja kwa uchungu. Kentridge humtaja kati ya waliomwonesha uwezo wa kifaa hicho duni, pamoja na Goya wa Hispania na Beckmann wa Ujerumani.

Njia yake haikunyooka. Alisomea siasa na taaluma za Afrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akajaribu rangi za mafuta, akaenda Paris kusoma uigizaji katika shule ya Jacques Lecoq. Uigizaji haukumkubali, lakini alitoka huko akijua kwamba wazo huanzia mwilini. Ndiyo maana alipoungana na kundi la vikaragosi la Handspring, mambo yakaiva. Katika tamthilia yao, Ubu and the Truth Commission ya mwaka 1997, ushahidi wa wahanga wa ubaguzi wa rangi hutolewa na vikaragosi vya mbao, wanaovichezesha wakionekana pembeni yake. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima kubwa. Mwigizaji angelia machozi ya kuazima, ilhali uso wa mbao unayaacha maneno yabaki mali ya aliyeumia. Zikaja opera katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, nzuri kwa macho, ingawa kwangu hazijafikia uzito wa zile filamu fupi.

Roma, hata hivyo, alirudi kwenye kufuta, kwa kipimo ambacho hakuna karatasi ingekibeba. Mwaka 2016, kwenye ukuta wa mto Tiber, kikosi chake kiliweka violezo vikubwa na kupuliza maji ya nguvu kuvizunguka. Uchafu wa miaka uliobanduka uliacha mawe meupe, na ule uliokingwa ukabaki kuwa watu, farasi na maboti, maandamano ya urefu wa takribani mita 500. Hakuna tone la rangi lililotumika. Kadiri ukuta unavyochafuka upya, picha inafifia, na alilijua hilo tangu mwanzo.

Kazi yake inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja ni The Head & the Load, iliyooneshwa London mwaka 2018 pamoja na muziki wa Philip Miller na Thuthuka Sibisi. Ni habari ya Waafrika waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika Afrika Mashariki, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majina ya wengi wao hayakuchongwa kwenye kaburi lolote. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, na wachache wanaopita hapo wanalikumbuka hilo. Jukwaani, waigizaji wanapita mbele ya taa wakiwa na mizigo kichwani, vivuli vyao vikipanda ukutani juu ya michoro ya mkaa, waimbaji wakipokezana lugha. Kazi hii inahitaji jukwaa refu sana na watu wengi, na si rahisi kuisafirisha. Hata hivyo natamani ichezwe Dar es Salaam, viwanja vya Mnazi Mmoja, bila kiingilio, wajukuu na vitukuu vya wapagazi wale wakae safu ya mbele.