Adabu ya Shabaha

Mzee akishamaliza kufyatua, kwake kazi ndiyo kwanza inaanza. Hutandika gazeti kuukuu mezani, akafungua silinda ya bastola taratibu, akayamwaga maganda sita kiganjani na kuyakagua moja moja. Hupitisha burashi katika kila tundu, kisha kitambaa chenye mafuta, kisha kitambaa kikavu, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Silinda haibamizi kwa kuirusha kwa kifundo cha mkono kama wafanyavyo waigizaji wa filamu. Huisukuma kwa mikono miwili mpaka isikike ikikaa mahali pake. Aliwahi kuniambia, "Kijana, ukiibamiza leo hutaona kitu. Itapinda kidogo kidogo, na siku moja risasi zitakwenda zinakotaka zenyewe."

Ni Smith & Wesson K-22, ya zile zilizoanza kutengenezwa mara baada ya Vita Kuu ya Pili, mtutu wake inchi sita. Rangi ya samawati imefifia pale inapogusana na mkoba, na mbao za kishikio zimelainika kwa mikono ya watu wawili tu. Wa kwanza alikuwa mhandisi wa Kiingereza aliyekuja Jinja wakati wa ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Alipofunga virago alimwachia, kwa karatasi zote za halali, kijana mmoja mwanajeshi aliyezoea kumshinda kwa shabaha. Kijana huyo ndiye Mzee, ambaye siku hizi anaishi Mbale, chini ya mlima Wanale. Katika miaka ya vurugu bastola ililala ghala la polisi. Nchi ilipotulia aliifuatilia ofisi hadi ofisi, cheti mkononi, mpaka akarudishiwa.

Wapo wanaoicheka risasi yake, .22 Long Rifle, kwa udogo wake. Kichwa chake hakifiki hata gramu tatu, na ilivyo leo haitofautiani sana na ilivyokuwa ilipotoka kiwandani Marekani mwaka 1887. Kiwashio chake hakikai katikati ya kitako cha ganda. Kimetandazwa ndani ya ukingo, na pini haina budi kuupiga ukingo huo. Kwa sababu hiyo ganda likishapigwa limekwisha, halijazwi tena. Na kwa sababu hiyohiyo mtu hafyatui silinda tupu kwa kujifurahisha, kwani pini itagonga chuma cha tundu na kukitia kovu. Mzee akitaka kuzoeza kidole nyumbani, huweka maganda yaliyokwisha kutumika, akiyazungusha kidogo kila mara ili pini ipate mahali papya pa kugonga. Hata mazoezi bila risasi yana adabu yake.

Lakini nilichokipenda kuliko vyote ni namna anavyosimama. Kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, nje kidogo ya Jinja, mbele ya ukingo wa udongo mwekundu, husimama ubavu, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyooka. Huvuta nyundo kwa kidole gumba. Jicho hulikaza kwenye ncha ya mbele ya mtutu na kuiacha karatasi kule iwe kama ukungu, kwa kuwa jicho la binadamu haliwezi kuona sawasawa karibu na mbali kwa wakati mmoja, na anayeng'ang'ania kuitazama shabaha huikosa. Kidole kinabana polepole, polepole zaidi. Mkono ukianza kutetemeka huushusha, akapumua, akaanza upya bila haya. Mlio wenyewe ni mdogo. Mtutu haushushi papo hapo, hubaki ameutazama kitambo, kisha hutamka, kabla mtu yeyote hajaisogelea karatasi: "Saa tisa, chini kidogo." Tunakwenda kutazama. Saa tisa, chini kidogo.

Siku moja alitaja kosa kubwa, na kweli tundu lilikuwa pembezoni kabisa. Palikuwa na upepo kutoka ziwani, nikamtetea kwa upepo huo. Akanikatiza: "Upepo niliuona. Kidole ni changu." Nimesoma mengi kuhusu maadili ya silaha, lakini sijakutana na mahali palipoyasema vizuri zaidi. Risasi ikitoka, mwenye kidole ndiye mwenye kujibu, naye ajibu kabla hajaulizwa.

Ustadi huo si mgeni huku kwetu mashariki mwa Uganda. Semei Kakungulu, aliyeujenga mji wa Mbale mwanzoni mwa karne iliyopita, alikuwa mwindaji wa tembo huko Buganda kabla hajawa jemadari. Misafara ya pembe iliyoelekea Karamoja ilipita Mbale, ikija na Kiswahili chake. Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo Bell, aliwaangusha tembo kwa bunduki ndogo ambazo wenzake walizidharau, kwa kuwa alikuwa amepasua mafuvu akajifunza ubongo unakaa wapi. Simsifu kwa tembo wale. Wamekwisha, na hasara ni yetu. Ninalotaja ni elimu iliyokitangulia kidole. Na Jinja palikuwa makao ya Kikosi cha Nne cha King's African Rifles. Huko vijana wa makabila mengi walifundishwa shabaha kwa lugha hii ninayoandikia, risasi wakihesabiwa wanapopewa na maganda wakihesabiwa wanaporudisha.

Nani anahesabu sasa? Pita mtaa wowote wenye benki au duka kubwa, Jinja au Mbale. Utamkuta mlinzi ameketi kwenye kiti cha plastiki, bunduki mapajani, mtutu umeelekea miguu ya wapita njia, kidole kimelala pasipostahili. Silaumu umaskini wake. Walinzi niliozungumza nao walionyeshwa bunduki kwa siku chache, kisha wakakaa miaka bila kufyatua hata risasi moja mbele ya mwalimu. Tarehe 2 Mei 2023, Waziri wa Nchi, Kanali mstaafu Charles Okello Engola, aliuawa nyumbani kwake Kampala na mlinzi wake mwenyewe. Siku chache baadaye, katika jiji hilohilo, askari polisi alimpiga risasi mkopeshaji fedha ofisini kwake. Vifo hivyo vina sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba tumeizoea bunduki bila kuiheshimu.

Hata katika ulimwengu wa michezo upole huu umepungukiwa nafasi. Shindano la bastola la mita 50, lililopigwa taratibu kwa .22, lilifutwa kwenye Olimpiki baada ya Rio 2016. Nafasi yake ilitolewa kwa timu za mwanamume na mwanamke pamoja.

Mzee sasa amevuka themanini. Risasi za aina yake ni shida kupatikana, na wanawe hawaitaki bastola nyumbani. Siwezi kuwalaumu, maana watoto wa Uganda wamesikia milio mingi mno. Akiondoka, bastola itarudi polisi, kama sheria inavyotaka, na huenda ikayeyushwa pamoja na takataka za vita. Chuma hicho sitakililia sana. Ninacholilia ni kwamba serikali ina maghala ya silaha lakini haina ghala la kuhifadhi subira ya mtu kama huyu, wala hakuna aliyetumwa Mbale kumwomba aifundishe. Bunduki tutaendelea kuwa nazo. Wa kutufundisha kuzijibia ndio wanaokwisha, nasi tunawazika kama wastaafu wa kawaida.