Nyumba ya Mapungubwe na Mawe Yake



Anayejenga katika nchi tambarare anaweza kuficha makosa yake nyuma ya miti michache. Anayejenga kati ya majabali hana pa kuyaficha: nyumba yake inaonekana toka mbali, na kila mpita njia anailinganisha na kazi ya Muumba iliyosimama karibu nayo. Kwa sababu hii tumependa kuwaandikia juu ya nyumba moja ya makumbusho iliyojengwa katika nchi ya namna hiyo, huko Mapungubwe, Afrika ya Kusini. Tumeitazama katika picha na michoro yake. Imesifiwa sana, nasi tutaisifu. Lakini tutataja pia jambo linalopungua.

Kwanza tujue mahali penyewe. Mapungubwe ni kilima cha jiwe la mchanga, chenye pande za kusimama kama ukuta, karibu na pale mto Shashe unapoingia katika mto Limpopo. Hapo Afrika ya Kusini inapakana na Botswana na Zimbabwe. Nchi ni kavu, yenye majabali mekundu na mibuyu. Katika karne ya 13 palikuwa na ufalme wenye nguvu. Mfalme na jamaa yake walikaa juu ya kilima, watu wengine chini. Dhahabu na pembe za ndovu zilitoka kwao kwenda pwani ya bahari ya Hindi, na kwa njia ya wafanya biashara wa pwani walipata shanga za kioo na vyombo kutoka China.

Mwaka 1932 Wazungu walikipanda kilima hicho, ambacho wenyeji walikiheshimu na kukiogopa, wakakuta makaburi ya wakubwa. Kati ya vitu vya makaburini kulikuwa na sanamu ndogo ya kifaru, iliyotengenezwa kwa mabamba membamba ya dhahabu. Vitu hivyo vilipelekwa Pretoria. Serikali ya ubaguzi wa rangi haikutaka watoto wafundishwe kwamba Waafrika walikuwa na ufalme na ufundi kabla Mzungu hajafika. Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2002 nishani kuu ya taifa ilipewa jina la Mapungubwe, na mwaka 2003 UNESCO ikapaandika mahali pale katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi ilitakiwa nyumba ya kuwaeleza wageni habari hizo zote. Arkitekti Peter Rich ndiye aliyeichora, na Michael Ramage na John Ochsendorf walisaidia kupima nguvu za matao yake. Ilikwisha mwaka 2009, na mwaka ule ule ikapata tuzo ya jengo bora la dunia katika mkutano wa maarkitekti uliofanyika Barcelona.

Tazameni ilivyojengwa. Paa zake ni matao mapana, kama mitumbwi iliyopinduliwa ufukoni. Kwa nje zimefunikwa kwa mawe ya pale pale, hata rangi ya nyumba na rangi ya kilima ni moja. Matao yenyewe ni ya vigae vyembamba vya udongo, uliochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Fundi huviunga vigae vya kwanza kwa jasi inayokauka upesi, hata havihitaji mbao nyingi za kuvishikilia. Halafu huongeza tabaka nyingine juu yake. Kigae kinasukuma kigae, na uzito wote unashuka mpaka chini. Ufundi huu ni wa zamani katika nchi za bahari ya Mediteranea, hasa Katalonia ya Hispania.

Mtu atasema: je, si jambo la kigeni hilo? Ndiyo, njia imetoka mbali. Lakini udongo ni wa nchi ile, na vigae zaidi ya 200,000 vilifanywa na wenyeji waliokuwa hawana kazi, katika mpango wa serikali wa kupunguza umaskini. Hapo ndipo tunaona uzuri mkubwa wa nyumba hii. Kuiga umbo la kilima ni kazi ya kalamu. Kuutoa ukuta katika udongo wa kilima, kwa mikono ya watu wake, kunadai subira, na fedha ya kazi inabaki kwa watu wa mahali.

Wengine wamesifu kwamba nyumba imejificha katika mazingira yake. Sifa hiyo hatuipendi sana. Mapungubwe ilifichwa miaka ya kutosha. Afadhali tuseme kwamba nyumba imekaa kama mgeni mwenye adabu: hakipiti kilima kwa kimo, wala haoni haya kuonekana.

Sasa jambo linalopungua. Kifaru wa dhahabu, ambaye kwa ajili yake watu wengi wanalijua jina la Mapungubwe, ametunzwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, mamia ya kilometa kutoka kilima chake. Mwaka 2016 alisafirishwa mpaka London, akaonyeshwa huko. Tunajua jibu la wenye kumtunza: dhahabu inahitaji walinzi na chumba kikavu. Ni jibu la haki. Lakini mifupa ya wafu wa Mapungubwe ilirudishwa na kuzikwa tena mwaka 2007. Basi kurudisha si jambo lisilowezekana. Kama ulinzi ndio shida, ulistahili kuhesabiwa siku ile ile matao yalipohesabiwa. Nyumba iliyoungana hivi na nchi yake inastahili kupokea na hazina ya nchi hiyo.

Tena, katika habari za tuzo, jina la arkitekti linaonekana upesi; walioshindilia vigae wanaitwa tu «wenyeji». Kibao kimoja ukutani chenye majina yao kingekuwa haki ndogo.

Nasi wa huku tuna milima na mawe ya kutosha. Mara nyingi, tukitaka kujenga shule au nyumba ya mikutano, tunaanza kwa kukata kilima mpaka kiwe sawa na meza, halafu tunangoja lori la simenti na mabati kutoka mjini. Safari nyingine tutembee kwanza pale pa kujenga pamoja na fundi na wazee wa mahali, tuulize maji ya mvua yanapita wapi, udongo wake ukoje, na ni kijana gani anaweza kufundishwa kazi kabla ya msingi kuchimbwa.