Basi la Bure Lililokuwa Limeshalipiwa

Tuanze na tarakimu moja, maana bila hiyo habari nzima ya Dunkerque hugeuka hadithi ya ukarimu. Kabla ya mwaka 2018, mabasi ya mji huo wa bandari, kaskazini kabisa mwa Ufaransa, yaligharimu kiasi cha yuro milioni 47 kwa mwaka kuyaendesha. Nauli zote zilizokusanywa, za mwenye tiketi ya safari moja na za mwenye pasi ya mwezi, hazikufika milioni 5. Ni kama sehemu moja ya kumi. Sehemu tisa zilizobaki zilikuwa zikilipwa kwingine, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa walipaji ambao pengine hawakuwahi kukanyaga ngazi ya basi.

Msomaji aliyezoea daladala atasita hapo. Kwetu nauli ndiyo uchumi wote wa gari. Inanunua mafuta na tairi, inamlipa konda, na jioni hesabu ya tajiri lazima itimie, mvua inyeshe isinyeshe. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, ikigusa kiwango cha nauli imegusa pumzi ya gari lenyewe. Ukimwambia mwenye daladala abebe watu bure, umemwambia aegeshe. Ndiyo maana swali la "bure au kwa nauli" likiulizwa Mbagala, Dar es Salaam, na likiulizwa Dunkerque si swali moja, hata kama maneno ni yaleyale. Kule lilikuwa swali la sehemu moja ya kumi.

Je, zile sehemu tisa kati ya kumi nani alikuwa akizilipa?

Ufaransa ina kodi ambayo wageni wengi wa mambo ya usafiri huishangaa. Tangu 1971, kwanza Paris na baadaye miji mingine, mamlaka inayosimamia usafiri wa mji imeruhusiwa kuwatoza waajiri asilimia fulani ya jumla ya mishahara wanayolipa. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri anailipa juu yake. Waajiri wadogo wenye wafanyakazi chini ya 11 wamesamehewa. Fedha inayopatikana ina masharti: ni ya usafiri, haiwezi kujengea soko wala kulipia posho za madiwani. Hoja iliyo nyuma yake ni rahisi, nayo naiona ya haki: kiwanda kinachoitisha watu elfu moja kila asubuhi ndicho kinachosababisha safari hizo elfu moja, kwa hiyo kichangie barabara ya kuwafikisha.

Sasa tazama mahali penyewe. Manispaa 17 za eneo hilo, zenye watu wapatao 200,000 kwa jumla, zimeunganishwa chini ya baraza moja, Communauté urbaine de Dunkerque, na usafiri uko mikononi mwa baraza hilo, si mwa meya wa Dunkerque peke yake. Ndani ya mipaka hiyo kuna bandari kubwa, kuna kiwanda cha chuma cha ArcelorMittal, na kule Gravelines kuna kituo cha umeme wa nyuklia chenye vinu sita. Ni mji mdogo wenye waajiri wakubwa. Kwa mtoza kodi ya mishahara, hiyo ni bahati ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina, na makala nyingi zinazousifu mpango huu huipita kimyakimya.

Mwaka 2011 baraza lilipandisha kiwango cha kodi hiyo kutoka asilimia 1.05 hadi 1.55. Kwa masikio ni nusu asilimia tu. Piga hesabu: kwa kila yuro 1,000 ya mshahara, mwajiri aliyekuwa akitoa yuro 10 na nusu sasa anatoa 15 na nusu, yaani makusanyo yanapanda karibu nusu kwa mpigo mmoja. Nyongeza hiyo peke yake ilizidi nauli zote za mwaka. Uamuzi huo ulipitishwa wakati wa Michel Delebarre, waziri wa zamani aliyekuwa meya wa Dunkerque tangu 1989. Mabasi ya bure hayakuwa ajenda yake, lakini ndiye aliyejaza ghala.

Kwangu hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Miaka mitatu kabla ya mtu yeyote kuahidi basi la bure kwenye jukwaa la uchaguzi, fedha ya kulilipia ilikuwa imeshaanza kuingia.

Ahadi ilikuja 2014. Patrice Vergriete, mtaalamu wa mipango miji mzaliwa wa hapohapo, aligombea dhidi ya Delebarre akiwa na mambo mawili mkononi. La kwanza, mabasi yawe bure. La pili, ufutwe mradi wa ukumbi mkubwa wa michezo na maonyesho, uliojulikana kama Arena, ambao baraza la Delebarre lilikuwa limeuandaa kwa ubia na kampuni binafsi na ambao ungeliwekea eneo mzigo wa malipo ya miaka mingi. Alishinda, akawa meya na akawa mwenyekiti wa baraza la manispaa 17. Arena ikafutwa.

Husemwa kwamba "fedha ya Arena ndiyo iliyolipia mabasi". Kauli hiyo inavutia lakini inachanganya mifuko miwili. Kodi ya waajiri isingeweza kisheria kujenga ukumbi wa mpira wa kikapu. Kilichotokea ni kwamba mradi mmoja mkubwa ulipoondoka, baraza lilipata nafasi ya kupumua upande wa uwekezaji: uwezo wa kukopa na uwezo wa kujenga kitu kingine. Upande wa uendeshaji wa kila mwaka, kilichobeba pengo la nauli ni ile nusu asilimia ya 2011. Diwani anayetaka kuiga asipotenganisha mifuko hii ataondoka na somo la uongo, kwamba ukifuta mradi mmoja wa fahari unapata usafiri wa bure milele. Mradi ukifutwa unaokoa mara moja, lakini pengo la nauli linarudi kila Januari.

Utekelezaji wenyewe haukuwa wa haraka. Mwaka 2015 walianza na Jumamosi na Jumapili tu. Hatua hiyo ilikuwa na akili: wikendi mabasi yana nafasi, mapato ya nauli ni madogo, na kosa likitokea halimchelewishi mtu kazini. Wakati huohuo barabara zilianza kuchimbuliwa. Kati ya hapo na 2018 baraza lilitumia karibu yuro milioni 65 kuusuka upya mtandao mzima: njia za mabasi pekee, vituo vipya, makutano ya barabara yaliyopangwa ili basi litangulie, eneo la stesheni ya treni lililogeuzwa kuwa mahali pa kubadilishia magari. Zikapatikana njia kuu tano ambazo basi hupita kila baada ya dakika 10 mchana kutwa. Mabasi yenyewe yalipakwa rangi kali za kung'aa, pinki, kijani, chungwa, kiasi kwamba mtu aliyekuwa haoni mabasi mjini kwake alilazimika kuyaona.

Watu hukumbuka neno "bure" kwa sababu ni fupi. Lakini ukiweka milioni 65 za ujenzi kando ya milioni 4 na kitu za nauli, unaona kazi ilikuwa wapi. Mji huu ulibomolewa vibaya katika Vita Kuu ya Pili na ukajengwa upya kwa barabara pana, zinazomkaribisha mwenye gari. Kabla ya mabadiliko, theluthi mbili hivi ya safari zote zilifanywa kwa gari binafsi na chini ya asilimia 5 kwa basi. Mtu mwenye gari mlangoni na maegesho kazini hababaishwi na kuokoa yuro moja na ushee. Anababaishwa na kusimama kituoni dakika 25 kwenye upepo wa Bahari ya Kaskazini. Basi la bure lisilokuja ni ahadi tu iliyobandikwa kwenye nguzo.

Tarehe 1 Septemba 2018 vitu vyote viwili vilizinduliwa pamoja: mtandao mpya na nauli sifuri, kwa kila mtu, mkazi na mgeni, bila kadi wala usajili. Mlango unafunguka, unapanda. Hata hilo lina faida yake ya kiufundi ambayo wanasiasa huisahau: dereva hashiki fedha, hakuna foleni ya tiketi mlango wa mbele, abiria wanaingia milango yote, na kila sekunde inayookolewa kituoni inarudi kama mwendo. Mashine za tiketi hazihitaji fundi. Kwa hiyo ukifuta milioni 4 na nusu za mapato hujapoteza milioni 4 na nusu kamili, kwani kuikusanya nauli nako kuna gharama.

Mwaka wa kwanza abiria wa siku za kazi walipanda kwa kiasi cha asilimia 65. Utafiti uliofanywa 2019 kwa kuwahoji abiria uliona kwamba karibu nusu ya wale waliokuwa wameongeza safari zao za basi walifanya hivyo badala ya gari. Nusu ni nyingi. Pia maana yake ni kwamba nusu nyingine hawakushuka garini. Walitoka kwenye miguu au kwenye baiskeli, au ni safari ambazo zamani hazikufanywa kabisa, kama kijana aliyekuwa akibaki nyumbani au bibi aliyekuwa akienda kumtazama dada yake mara moja kwa mwezi. Mimi siwahesabu hao kama hasara. Ila anayetetea mpango kwa hoja ya moshi na foleni pekee akubali kwamba hesabu yake inapungua kwa nusu.

Na kwa kuwa mtandao mpya na nauli sifuri vilizinduliwa asubuhi ileile, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika asilimia ngapi zililetwa na dakika 10 na ngapi na bure. Kwa siasa ulikuwa uzinduzi safi. Kwa mchambuzi ni kama kumpa mgonjwa dawa mbili siku moja, akapona, kisha kila mfamasia akadai yake.

Ili kuona upande wa pili inatosha kuvuka mpaka na kwenda Hasselt, Ubelgiji, mji wa watu kama 70,000. Mabasi ya mji yalifanywa bure Julai 1997, chini ya meya Steve Stevaert. Abiria walikuwa kama 360,000 mwaka 1996. Kufikia 2006 walikuwa zaidi ya milioni 4 na nusu. Nako haikuwa bure pekee, kwa sababu mabasi yaliongezwa na barabara ya mzunguko wa ndani ikageuzwa kuwa njia ya miti na waenda kwa miguu. Kwa miaka mingi Hasselt ndiyo iliyotajwa kila mahali. Kisha 2013 nauli ikarudi kwa watu wazima.

Tofauti iko kwenye mkataba. Hasselt haikumiliki chanzo cha fedha. Mabasi yalikuwa ya kampuni ya umma ya jimbo la Flanders, De Lijn, na gharama iligawanywa kati ya jimbo na mji. Abiria walivyoongezeka ndivyo gharama ilivyoongezeka, na mchango wa mji ukatoka kwenye bajeti ya kawaida, ileile inayolipia taa za barabarani na shule za chekechea. Bajeti ilipobana, basi likakaa meza moja na chekechea. Dunkerque basi halikai meza hiyo, kwa sababu kodi yake ina jina lake.

Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ulipata njia ya tatu mwaka 2013: bure kwa mkazi aliyesajiliwa tu. Kwa kuwa sehemu ya kodi ya mapato huenda kwenye manispaa ambako mtu amesajiliwa, kila aliyehamisha jina lake ili apate basi la bure alihamisha na kodi yake. Ni werevu wa muuza duka, nasi tuuheshimu, ingawa kilichoingia Tallinn kilipungua kwenye manispaa za jirani.

Kurudi Dunkerque, jambo moja halijanitoka akilini. Dakika 10 zinaanza saa moja asubuhi na kukoma saa moja usiku. Fundi wa tanuru anayeingia zamu ya alfajiri hafaidiki nazo, na ni mshahara wake unaopigiwa ile asilimia 1.55. Vergriete mwenyewe baadaye aliitwa Paris, akawa kwa miezi kadhaa ya 2024 waziri mdogo wa uchukuzi, na mabasi yakaendelea bila yeye, jambo linaloonyesha kwamba mpango umejengwa kwenye sheria ya kodi zaidi ya kujengwa kwenye mtu.

Lakini sheria hutoza mishahara iliyopo. Aprili 2025 ArcelorMittal ilitangaza kupunguza kazi zipatazo 600 kwenye viwanda vyake vya kaskazini mwa Ufaransa, Dunkerque ikiwemo. Kilomita chache kutoka hapo, Bourbourg, kampuni ya Verkor imejenga kiwanda cha betri za magari ya umeme na inaajiri. Betri hizo zitawekwa kwenye magari binafsi, yaleyale ambayo basi linajaribu kuyapunguza barabarani. Kwenye kitabu cha mapato cha baraza, mishahara ya chuma inayoondoka na ya betri inayokuja inaandikwa mstari mmoja.