Mizani ya Filamu Mbovu

Filamu mbovu zimejaa duniani, na nyingi hazimfai mtazamaji kwa lolote. Ziko chache, hasa za kutisha zilizotengenezwa Marekani kwa fedha za kuungaunga kati ya miaka ya 1930 na 1960, ambazo bado zinatafutwa na watu wenye akili zao timamu. Watu hao wanajua fika kwamba hadithi haina mbele wala nyuma, kwamba waigizaji wanasoma maneno kama watoto waliosimamishwa mbele ya darasa, na kwamba zimwi limevaa nguo za kukodi. Mgeni wa filamu hizi hudhani ubovu ni ubovu tu, mradi kicheko kipatikane. Sivyo. Ubovu una madaraja, na anayetaka kuyajua aangalie umbali kati ya kile mtengenezaji alichokitamani na kile alichoweza. Tamaa ikiwa ndogo, kushindwa kwake hakuna utamu wowote.

Maniac, ya mwaka 1934, inalionyesha jambo hili kuliko filamu nyingine ninayoifahamu. Iliongozwa na Dwain Esper na kuandikwa na mkewe, Hildagarde Stadie. Mwaka huohuo studio kubwa za Hollywood zilianza kubanwa vilivyo na kanuni za maadili, na wafanyabiashara wa aina ya Esper wakaiona nafasi yao. Nje ya mfumo wa studio walizunguka na filamu zao mji hadi mji, wakikodi kumbi na kubandika mabango yaliyoahidi yale ambayo studio zilikatazwa kuyaonyesha. Kinga yao ilikuwa kudai kwamba wanatoa elimu. Ndiyo maana Maniac inakatizwa kila mara na maandishi yanayofafanua magonjwa ya akili, yenye uhusiano mdogo mno na kinachoendelea. Hadithi yenyewe inamhusu msanii wa jukwaani, hodari wa kuigiza watu, aliyejificha kwa daktari mwendawazimu anayefufua maiti. Anamuua daktari, anajibandika sura yake na kuanza kupokea wagonjwa. Katika dakika 51 tunaona mgonjwa aliyedungwa sindano akijiona yeye ndiye nyani wa hadithi ya Edgar Allan Poe. Jirani anafuga paka kwa ajili ya ngozi: panya wanakula mizoga ya paka, paka wanakula panya, naye anaona amemaliza tatizo la chakula cha mifugo. Wanawake wawili wanapigana kwenye chumba cha chini ya nyumba wakiwa na mabomba ya sindano. Mtu anang'oa jicho la paka na kulila huku akilisifu. Juu ya uso wa mwendawazimu zinapitishwa picha za mashetani zilizochukuliwa kutoka Häxan, filamu ya Benjamin Christensen ya mwaka 1922.

Ukilitazama kila moja peke yake, utasema ni upuuzi. Yakikusanyika, unagundua kwamba waliotengeneza hawakulikataa wazo hata moja lililowajia. Hapo ndipo pa kuanzia kupima. Filamu mbovu isiyo na mawazo ni adhabu, nayo ndiyo iliyo nyingi: mazungumzo marefu sebuleni, watu wanashuka ngazi, kisha zimwi kwa sekunde tano. Maniac ina ubovu wa mtu aliyepakia mizigo kumi kwenye baiskeli moja, na burudani iko katika kuiona ikienda.

Pima pia alama za kazi. Kosa lenye chanzo kinachoonekana ni bora kuliko kosa la uvivu. Katika Robot Monster ya Phil Tucker, ya mwaka 1953, mvamizi kutoka angani ana mwili wa sokwe na kichwa cha kofia ya mzamiaji. Mwigizaji George Barrows alikuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe, na fedha za kutengeneza roboti hazikuwepo. Ukishalijua hilo, lile umbo linageuka kuwa hesabu ya bajeti iliyosimama kwa miguu miwili. Muziki wake, kwa upande mwingine, ni wa Elmer Bernstein, yuleyule aliyekuja kuitungia muziki The Magnificent Seven mwaka 1960. Kijana huyo alitunga kana kwamba dunia kweli inaangamia, na muziki wenye heshima kiasi hicho ukipigwa juu ya sokwe anayepanda kilima kwa shida unaufanya ule umbali usikike masikioni.

Manos: The Hands of Fate, ya mwaka 1966, inasifiwa kuliko inavyostahili. Harold Warren, muuza mbolea wa El Paso, Texas, aliipiga kwa kamera ya kujaza kwa mkono iliyoweza kurekodi sekunde 32 tu kwa mkupuo. Sauti ziliingizwa baadaye na watu wachache waliogawana wahusika wote. Hayo ni makosa yenye chanzo, na ni mazuri. Lakini safari ya gari ya mwanzoni haiishi, na mawazo yanayoifuata yangetosha robo saa. Kwa kipimo changu Manos inashika nafasi ya kati.

Kuna pingamizi linalostahili jibu. Kama ukweli wa nia ndio msingi, Esper anaingiaje? Alikuwa mchuuzi wa miiko, si msanii mnyofu aliyekosa bahati. Na Blood Feast ya mwaka 1963 je, ambayo Herschell Gordon Lewis na David Friedman waliitengeneza Miami kwa hesabu kamili ya kuuza damu, hadi watazamaji wakagawiwa mifuko ya kutapikia? Jibu langu ni kwamba nia inayopimwa ni ile iliyomo ndani ya filamu. Mchuuzi anayetaka kukutisha ili akuchune anataka kwa dhati utishike. Haombi kuchekwa. Blood Feast inapomfanya Ishtar kuwa mungu wa Misri, ilhali ni wa Babeli, hakuna anayekukonyeza. Linganisha na Sharknado ya mwaka 2013, ambako papa wanaruka ndani ya kimbunga na kila mtu, mbele na nyuma ya kamera, anajua ni mzaha. Ile imetua palepale ilipolenga. Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu ladha ya aina hii, aliuweka upotovu usiojijua juu ya ule uliokusudiwa, na filamu hizi zinampa haki.

Wengine watasema huku ni kuwacheka maskini. Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood ilitangazwa mwaka 1980, katika kitabu cha ndugu wawili wa ukoo wa Medved, kuwa filamu mbovu kuliko zote, na tangu hapo wengi huitazama kwa dharau. Nyota wake, Bela Lugosi, alifariki Agosti 1956 akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha. Wood alimweka badala yake Tom Mason, mtaalamu wa kunyoosha mgongo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood, ambaye hakufanana na marehemu hata kidogo, akazungushiwa joho usoni. Anayecheka hapo bila kuona mtu aliyekataa kuacha kazi yake ife amepitwa na nusu ya filamu. Wasimulizi wa vibanda vya video Dar es Salaam na Kampala wanaijua siri hii: mzaha wao unanoga kwa sababu wameitazama picha kwa makini kuliko wateja wao.

Hata hivyo kuna alama za kupunguza, na hazifidiwi na kicheko. Maniac inawafanya wagonjwa wa akili kuwa maonyesho ya kutisha huku ikijidai inafundisha. Esper huyohuyo aliichukua Freaks, filamu ya Tod Browning ya mwaka 1932 iliyochezwa na watu wenye ulemavu wa kweli, akaizungusha mijini kwa majina ya udaku. Mpimaji mwaminifu huliandika hilo kwenye daftari moja na sifa.

Kwa anayeanza, ashike Maniac kwanza, kisha Robot Monster, kisha Plan 9, azitazame hadi mwisho bila kurusha mbele. Manos inaweza kusubiri.