Kuhamishwa kwa Ucheleweshaji: Uhakiki wa Mbinu ya Rolibeki katika Michezo ya Mapigano ya Mtandaoni

Makala haya yanahakiki dai kwamba rolibeki, mbinu iliyoenezwa na programu ya GGPO ya Tony Cannon, imeondoa ucheleweshaji katika michezo ya video ya mapigano. Hoja yetu ni kwamba mbinu hii haiondoi ucheleweshaji bali huuhamisha. Kwa hiyo, ipimwe kwa namna inavyougawa baina ya wachezaji wawili.

Michezo hii kwa kawaida huendeshwa kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ikidumu takriban milisekunde 16.7. Amri ikichukua milisekunde 50 kufika upande wa pili, hizo ni fremu 3. Mbinu kongwe huzichelewesha amri za wachezaji wote kwa fremu hizo. Rolibeki huitika papo hapo, ikibashiri kuwa mpinzani anaendelea na alichokuwa akifanya. Amri halisi ikitofautiana na ubashiri, programu hurejesha hali ya mchezo iliyohifadhiwa, huzikokotoa upya fremu zilizopita, kisha huonyesha hali sahihi.

Tuchukue pigo linalohitaji fremu 20 kumfikia mlengwa. Katika mbinu kongwe, mlinzi huliona lote, lakini kinga yake huchelewa fremu 3. Katika rolibeki, kinga huitika mara moja, ila fremu 3 za mwanzo za pigo hazionekani. Katika hali zote mbili, mlinzi hubakiwa na fremu 17 za kuamua. Faida ya rolibeki iko kwingine: mapigo ya mfululizo aliyoyazoea mchezaji hubaki na mwendo wake uleule.

Hata hivyo, Street Fighter V ya Capcom, iliyotoka mwaka 2016, inadhihirisha kuwa faida hiyo si hakika. Pande mbili hazikuoanishwa kiwakati ipasavyo. Mashine iliyotangulia ilipokea amri za mpinzani zikiwa zimepitwa na fremu nyingi, ikarejea nyuma mara kwa mara. Iliyobaki nyuma haikuonyesha dosari kubwa. Capcom ilitoa rekebisho mapema mwaka 2020, baada ya mchezaji mmoja kusambaza rekebisho lake kwa watumiaji wa kompyuta.

Hivyo basi, wastani wa ucheleweshaji pekee hautoshi kuwa kipimo: unaweza kuwa mdogo ilhali pambano si la haki. Watafiti wahesabu fremu zilizorejeshwa kwa kila upande na kuziripoti mbalimbali.